Mpiga Besi Hasikilizi Maneno

Farasi wa zambarau alimpiga Odell Pruitt usoni mchana kweupe, mbele ya foleni nzima ya chakula pale kwa Bibi Maudie, na hakuna hata mmoja aliyemwonea huruma. Farasi mwenyewe alikuwa ameshonwa kwa vijiwe vya kumetameta mgongoni mwa suti ya kiume, suti imening'inia kwenye hanga, na hanga liko mkononi mwa mwanamke aliyegeuka ghafla kutazama kama pai bado ipo.

"Samahani, bwana," mwanamke akasema. "Huyu hajazoea watu."

"Amenipiga teke."

"Ndiyo maana husimami nyuma ya farasi. Hamkufundishwa kwenu?"

Hiyo ndiyo saa ambayo Nashville yote hula. Madereva wa malori, makarani wa bima, watunzi wa nyimbo wenye njaa na watunzi wa nyimbo wenye njaa zaidi, wote huburuta sinia kwenye reli moja, wakichagua nyama ya aina moja na mboga tatu, na kugombania mkate wa mahindi wa kwenye kona ya trei maana ndio umekauka vizuri. Siku hiyo ya Aprili watu walikuwa wakila haraka kuliko kawaida. Kupitia dirishani, mbingu ya upande wa mtoni ilikuwa na rangi ya kijani kama maji ya dimbwi. Mtu wa Tennessee akiiona rangi hiyo ya kimbunga haulizi maswali, anamaliza sahani yake akae karibu na ngazi za kushukia chini ya nyumba.

Mwanamke aliitwa Nadine Spivey. Alikuwa fundi cherehani katika duka linalowavisha waimbaji, na alivaa gauni la kijani lililombana kiunoni, nywele nyekundu amezirundika juu ya kichwa kama mtu aliyeziahidi kuzishughulikia baadaye. Kwenye ukosi wake kulikuwa na pini ambazo alikuwa amezisahau. Odell alikuwa mrefu, mwembamba, umri umepita arobaini, suruali imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata siagi, na sura ya mtu anayesubiri kuitwa na daktari wa meno.

Pai ya pichi ilikuwa imebaki kipande kimoja. Wote wawili wakakishika.

"Tukate katikati," Odell akasema.

"Nikate katikati na mtu nisiyemjua kazi yake? Vipi kama wewe ni mtu wa kodi?"

"Napiga besi. Studio, rekodi za watu."

Nadine akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe wewe ndiye yule ambaye hakuna anayemsikia mpaka aache kupiga."

Odell akacheka, na ndipo glasi ya chai baridi ilipomtoka mkononi. Haikuteleza. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto viliiachia tu, kama walinzi walioondoka zamu bila kumwambia mtu. Glasi ikavunjika, chai ikaruka hadi kwenye viatu vya Nadine, na foleni nzima ikapiga makofi. Wao wawili walicheka kuliko wote. Mimi ningekuwepo ningecheka pia, lakini hapakuwa na cha kucheka.

Sasa ngoja nikwambie Odell alikuwa nani, maana mwenyewe asingekwambia. Kama uliwahi kukaa kwenye gari la mtu likapigwa wimbo wa kantri wa miaka ile, basi huenda umemsikia Odell Pruitt, na humjui. Jina lake halikuandikwa kwenye majalada. Kwenye jalada kulikuwa na mwimbaji, kofia ya mwimbaji, na wakati mwingine mbwa wa mwimbaji. Odell aliingia studio asubuhi, akaingia nyingine mchana, akaingia nyingine jioni, na kila mahali alipewa karatasi isiyo na noti wala maneno, yenye namba tu, kila namba ikisimama kwa kikundi chake cha sauti: moja, nne, tano, moja. Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi mji ule. Mwimbaji akisema sauti yake imepanda au imeshuka, namba zinabaki zilezile, kila mtu anasogea pamoja. Odell alikuwa anaweka macho kwenye namba na masikio kwenye mguu wa mpiga ngoma, basi. Maneno yalikuwa kazi ya mwimbaji. Kwa mpiga besi, mwanamke aliyeachwa na mwanamke aliyezikwa wana urefu uleule wa ubeti.

Nadine alipogundua jambo hili alilifanya mchezo. Jioni za mwezi wa Mei walikaa kwenye kibaraza chake ng'ambo ya mto, redio dirishani, yeye akishona vijiwe kwenye kola ya mtu tajiri, na kila wimbo ukipigwa alimuuliza, "Huu ni wako?"

"Sijui."

"Hujui? Odell, mkono ni wako."

"Nadhani ni mimi. Mpiga ngoma ni Skeeter, huyo namjua popote."

"Wimbo unahusu nini?"

Odell akafikiri kwa bidii. "Moja, sita ndogo, mbili, tano."

Nadine alicheka mpaka akajichoma sindano. Alimwita asali, naye Odell, ambaye hakuwahi kumwita mtu chochote zaidi ya "ndugu", akajikuta anamwita sukari yangu kwenye simu ya studio, mbele ya wanaume wanne waliokuwa wanatafuna karanga. Skeeter, jina la utani lenye maana ya mbu ingawa mwenyewe alikuwa na mwili wa jokofu, alimwigiza wiki nzima. "Sukari yangu, tupige toka juu," aliita kutoka nyuma ya ngoma. "Sukari yangu, kahawa imeisha."

Nadine pia alikuwa akitunga. Hakulisema sana, maana kule kusema unatunga nyimbo ni kama kusema unapumua. Lakini Odell alimsikia akiimba jikoni na alijua, kwa vile anavyojua mtu aliyesimama nyuma ya waimbaji miaka yote hiyo, kwamba sauti ile haikuwa ya kushonea nguo za wengine. Alimwambia hivyo. Nadine akamjibu kwamba asimdanganye kwa sababu ya pai, lakini usiku ule hakuzima redio.

Mambo yalikuwa mazuri. Ndiyo sababu Odell hakusema chochote kuhusu vidole.

Mwanzoni vililala asubuhi tu, vikaamka baada ya kahawa. Mwezi wa Juni vilianza kulala katikati ya wimbo. Alikuwa akibonyeza waya kwenye shingo ya besi, ile kubwa ya kusimama inayofika juu ya bega, na kidole hakimwambii kama kimefika. Akawa anaangalia mkono wake badala ya kuuamini. Alikwenda kwa daktari mji wa jirani ambako hakuna mtu anayemjua, akatoa jina la shemeji yake. Daktari akamgonga kiwiko, akamchoma vidole kwa pini, akauliza kama anasikia. Odell akasema anasikia. Daktari akasema, "Bwana, sijakuchoma bado."

Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kiwikoni na miaka ya kukunja mkono kwenye shingo ya besi. Apumzike mara moja, miezi mingi, apasuliwe, labda vidole vitarudi. Akiendelea kupiga, vitalala moja kwa moja.

Apumzike. Daktari alisema neno hilo kama mtu anayempa mgonjwa peremende. Hakuwa anamjua Cletus Ogle.

Cletus Ogle ndiye aliyepiga besi mji ule kabla ya Odell. Alipiga kila kitu. Halafu akaumwa mgongo, akakaa nyumbani majira ya kiangazi, na aliporudi simu haikulia. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemchukia. Walimpenda sana, walimsalimia barabarani, wakamuulizia mke wake. Simu tu ndiyo haikulia. Sasa Cletus alikuwa anakata majani ya watu na kukusanya takataka za bustani kwa lori dogo la bluu, na bustani nyingine alizokata zilikuwa za wanaume waliokuwa wakipiga naye. Odell alimwona kila Alhamisi mtaani kwake. Kila Alhamisi alivuta pazia.

Kwa hiyo hakupumzika. Na kwa kuwa hakupumzika, alianza kujificha. Mkono wa kushoto ukaingia mfuko wa koti, koti lenyewe katika joto la Julai la Nashville ambalo linaweza kuyeyusha kitasa. Nadine alipotaka washikane mikono wakitembea, Odell alizunguka upande wa pili. Alipomwalika kula, Odell alikumbuka ana kazi, maana mezani kuna uma na kisu, na kisu kingemsaliti. Alijiambia kwamba mwanamke kama yule, mwenye sauti ile na nywele zile, alimpenda Odell Pruitt mpiga besi. Akishajua kwamba besi inakwisha, atabaki kumpenda nani? Mwanamume aliyevuta pazia?

Nadine naye alihesabu kwa njia yake. Koti, visingizio, simu za haraka. Siku moja akampigia na hakuzunguka.

"Kuna mtu, Odell?"

"Mtu gani?"

"Mwanamke. Nimekuuliza kwa Kiingereza cha kawaida."

"Hakuna mwanamke."

"Basi kuna nini?"

Odell alikuwa ameshika simu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto umelala juu ya meza kama kitu alichoachiwa na mgeni. "Kazi nyingi tu," akasema. "Nipe mpaka Krismasi."

"Krismasi ni mbali, asali."

"Najua."

"Hujui," Nadine akasema, na akakata simu polepole, ambavyo ni vibaya kuliko kuibamiza.

Alichokuwa hajakisema ni kwamba mwenye duka lake alikuwa anafungua duka jingine Fort Worth, kule Texas, na alimtaka yeye aende kulisimamia. Alitakiwa kujibu kabla ya Agosti kwisha. Pia mtayarishaji mmoja alikuwa amekubali kurekodi wimbo wake mmoja, kwa bahati, kwa sababu mwimbaji aliyepangiwa studio siku hiyo alikuwa amepotelewa na sauti. Nadine hakuwa mwanamke wa kumwangukia mtu miguuni. Lakini alikuwa mtunzi. Akaandika wimbo mpya kwa siku mbili, akamwomba mtayarishaji jambo moja tu: besi apige Odell Pruitt.

Odell alijua ni rekodi ya nani alipoingia na kumwona nyuma ya kioo. Nadine alikuwa amevaa gauni jeupe lenye vifungo vyekundu, alilolishona mwenyewe, na midomo ameipaka rangi kama anaenda mahakamani. Akamtabasamia. Odell akatabasamu, ingawa asubuhi ile vidole vile viwili havikuamka kabisa.

Akapewa karatasi ya namba. Akavaa hedifoni. Nje ngurumo ilikuwa inazunguka mji bila kunyesha. Odell alishika besi na kujua kwamba ana vidole viwili vya kufanyia kazi ya vinne, na kwamba mbele ya mwanamke huyu hawezi kukosea. Basi akaanza kuacha. Pale ambapo zamani angeweka noti nne aliweka mbili. Pale asipofika, aliacha nafasi tupu, akasubiri mguu wa Skeeter, akaingia tena. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kamba za besi. Na juu ya yote hayo, Nadine alikuwa akimtazama yeye peke yake kupitia kioo na kuimba:

*Basi la Texas laondoka Jumamosi,*
*sanduku langu nimeliweka mlangoni.*
*Kama wanitaka, usiniahidi kwa simu,*
*njoo ulishike sanduku, ulirudishe ndani.*

Skeeter alisikia ngoma. Mpiga gitaa alisikia gitaa. Odell alisikia moja, nne, moja, tano, na sauti ya damu yake masikioni. Mtu pekee aliyesikia maneno chumbani humo alikuwa aliyeyaimba.

Walipomaliza, Nadine alitoka nyuma ya kioo na kusimama mbele yake. Odell alikuwa ameshauficha mkono mfukoni.

"Umeuonaje?"

"Umekaa vizuri," Odell akasema, akihema. "Skeeter amekimbia kidogo ubeti wa pili, lakini nimemshika."

"Umemshika Skeeter."

"Ndiyo."

"Na mengine?"

Odell akafikiri, kwa nia njema kabisa, Mungu amsaidie. "Ile nne kabla ya kiitikio ingekuwa fupi kidogo."

Nadine akamtengenezea kola, kama fundi anavyofanya kwa mteja anayeondoka. "Nimeelewa, Odell. Asante kwa kuja."

Jumamosi alikaa kwenye kibaraza, sanduku likiwa mlangoni kama lilivyoimbwa, mpaka teksi ilipopiga honi. Odell siku hiyo alikuwa studio tangu asubuhi, anapiga kibwagizo cha matangazo ya unga wa biskuti. Jumapili alipompigia, mama mwenye nyumba ndiye aliyepokea. Akasema Nadine amehamia Texas, na akauliza kama yeye ndiye yule bwana wa koti.

Odell alikata simu, akautazama mkono wake, na akaamini kitu kimoja: mtu amemwambia. Amejua, ameenda. Hakumlaumu hata kidogo, na hapo ndipo alipokosea kuliko kote.

Septemba na Oktoba zikapita na kitu kigeni kikatokea. Simu haikuacha kulia. Ililia zaidi. Rekodi ya Nadine ilikuwa imetoka na inapanda kwenye chati, na kila studio ilimtaka Odell, na alipofika walimwambia, "Fanya ile yako mpya. Ile ya kuacha." Odell alidhani wanamdhihaki. Hawakumdhihaki. Siku moja alipita kwenye mlango wa studio na kumsikia kijana mwenye masharubu mapya akipiga besi ileile, noti mbili, pengo, subiri, ingia. Kijana alikuwa na vidole vyake vyote vizima na alikuwa anajitahidi sana kutovitumia. Odell akasimama pale mlangoni. Baada ya rekodi zote zile, kitu cha kwanza cha kwake ambacho watu waliamua kukiiga kilikuwa ugonjwa.

Alhamisi moja ya Novemba alichelewa kuvuta pazia. Cletus Ogle alikuwa kwenye bustani ya jirani akikusanya majani makavu, mlango wa lori wazi, redio inaimba ndani yake, na akampungia mkono. Ikabidi Odell atoke. Cletus alikuwa mzee mwenye uso mwekundu na fulana iliyotangaza kampuni ya mbolea.

"Huyo ni wewe," Cletus akasema, akionyesha redio kwa reki.

"Inawezekana."

"Ni wewe. Na vidole vyako viwili vimekufa."

Majani yalikuwa yanazunguka miguuni mwao.

"Usinikodolee macho, sitamwambia mtu. Nani ataniuliza?" Cletus akatema mate pembeni. "Vijana wote sasa wanapiga hivyo. Wanadhani ni mtindo. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilizima lori, nikamwambia mke wangu, yule bwana anakufa mkono."

"Tangu lini unasikiliza redio?"

"Tangu simu iache kulia. Sina namba za kutazama, nafanyaje? Nasikiliza maneno. Wewe hujawahi, najua, hata mimi nilikuwa mpumbavu hivyohivyo." Akaongeza sauti ya redio. "Sasa funga mdomo umsikilize mwanamke. Huyu ana mtu wake mmoja huko, jinga la kupindukia. Kila nikiusikia nataka nimtafute nimpige reki."

Na Odell, aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka kwa Nadine siku ile akivuja jasho, akausikia wimbo kwa mara ya kwanza. Basi. Jumamosi. Sanduku. Mlangoni. Aliposikia "usiniahidi kwa simu" alikaa chini kwenye majani, na suruali yake ya pasi.

Cletus akamtazama, akatazama redio, akamtazama tena. Akaiegemeza reki kwenye lori taratibu. "Usiniambie," akasema.

Simu ya Fort Worth ililia mara nyingi kabla haijapokewa. Nyuma yake vyerehani vilikuwa vinanguruma.

"Duka la nguo."

"Ni mimi."

"Mimi wapo wengi. Kiuno inchi ngapi?"

"Nadine. Nimeusikia wimbo."

"Hongera. Texas yote imeusikia."

"Nimeusikia leo."

Cherehani kimoja kikanyamaza. "Ulikuwa mbele yangu, Odell. Nilikuwa nakuona mpaka kope."

"Nilikuwa nasikiliza mguu wa Skeeter."

Mwanamke mwingine yeyote duniani angeona huo ni uongo mwembamba kuliko uzi. Lakini Nadine alikuwa amekaa naye kwenye kibaraza mwezi wa Mei, anamuuliza wimbo unahusu nini.

"Namba," Nadine akasema. "Mungu wangu. Nilikuandikia maisha yangu, ukasoma namba."

"Ndiyo."

"Na koti? Na visingizio? Usiniambie nayo ni Skeeter."

Ndipo akamweleza. Glasi ya chai, daktari, jina la shemeji, vidole. Alieleza vibaya, kwa vipande, akiacha mapengo. Alipomaliza, sauti ya Nadine ilirudi ikiwa imebadilika, imeshikwa na hasira na machozi kwa pamoja.

"Wewe ulidhani nilipenda vidole viwili vya mwisho?"

"Nilidhani ulipenda mpiga besi."

"Siwezi hata kuisikia besi, Odell. Hakuna anayeisikia. Nilikwambia siku ya kwanza." Akapenga kamasi. "Sikiliza sasa, na usisikilize mguu wa mtu. Mimi sirudi Nashville. Nina duka, nina wateja, naimba Ijumaa na Jumamosi na watu wanakuja. Ukija, usije kunitembelea. Njoo na vitu vyako. Na uende kwa daktari kwa jina lako mwenyewe."

Odell alikuwa bado amekaa kando ya simu ilipolia tena. Alikuwa Bibi Earline, mwanamke wa ofisi iliyowapangia wapigaji kazi, sauti imejaa furaha. Mwimbaji mkubwa kuliko wote, albamu nzima, wiki mbili, na wametaka besi ya mapengo, hawataki mwingine. Odell hakuwahi kumkatalia Bibi Earline maishani mwake. Mji ule mtu hakatai. Unaweza kuwa na homa, unaweza kuwa na msiba, unasema ndiyo, halafu unakwenda kuzika.

"Mwambie sipo," akasema.

"Utakuwepo lini, mpenzi?"

"Sitakuwepo."

Kwenye waya ikasikika kalamu ikifuta kitu. "Pole, Odell," Bibi Earline akasema, na hakuuliza pole ya nini. Simu ile haikulia tena mpaka alipohama, ingawa alipita karibu nayo mara nyingi akipakia vitu.

Cletus alimsaidia kuinua besi mpaka juu ya gari, maana mkono wa kushoto ulikuwa hauwezi tena hata kufunga kifungo cha shati. Njiani, kabla ya kuvuka Mississippi, usukani ulimteleza mara mbili. Mvua ya barafu ilimfuata Arkansas nzima. Daktari wa Fort Worth alimpasua kiwiko wiki iliyofuata, akatazama ndani, akafunga, na alipotoka alimwambia Nadine kwamba ikiwa bwana huyu angekuja kiangazi mambo yangekuwa mengine. Sasa wangojee waone. Alisema wangojee kwa namna ambayo Nadine aliielewa vizuri, akaenda kunawa uso kabla ya kuingia chumbani kwa tabasamu na pai.

Walioana Februari, kwenye ofisi ya hakimu, ukuta wa rangi ya uji na bomba la kupasha chumba joto likigonga. Nadine alivaa suti ya krimu yenye kola ya manyoya na nywele zimeshikwa, safari hii, na mtu anayejua kazi. Odell alivaa koti jeusi ambalo Nadine alilishona. Mgongoni hakukuwa na farasi. Odell alilikagua kwanza.

Hakimu alisoma maneno, na Odell alisikiliza kila neno. Alisikiliza kama mtu anayelipwa kwa hilo. Hakuondoa macho usoni mwa Nadine, na alitoa mkono wa kushoto, mkono mwembamba wenye kovu jipya kiwikoni, akautandaza ili avishwe pete. Kule Nashville wapigaji besi walioa bila kuvaa pete, maana inakwaruza shingo ya besi. Yeye alikuwa hana shingo ya kukwaruza tena.

Akangoja. Bomba likagonga. Hakimu akakohoa.

"Sukari yangu," Odell akanong'ona, "mbona hunivishi?"

Nadine alikuwa ameuinamia mkono wake, ameukumbatia kwa mikono yake miwili, na alipoinua uso macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nimeshakuvisha, asali," akasema. "Tazama."

Odell akatazama chini.